Mtoto wetu alichelewa kulia: je, mkojo wake unaweza kutuambia kama alikosa hewa?

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Njoro, kaunti ya Nakuru. Nimelifupisha kidogo tu.

"Daktari, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza wiki tatu zilizopita. Uchungu ulianza Jumanne asubuhi, mtoto akatoka Jumatano alfajiri. Hakulia. Sista alimpa hewa kwa ule mpira wa mkono, mimi nikiwa mlangoni nasikia tu watu wakikimbia, mpaka baadaye nikasikia kasauti kadogo. Alilazwa nasari, ile wodi ya watoto wachanga, siku 6. Kwenye kijitabu wameandika Apgar 4, 6, 8. Sasa ananyonya vizuri lakini sisi hatulali. Shemeji yangu yuko chuoni, amesoma kwamba mkojo wa mtoto mchanga unaweza kuonyesha kama alikosa oksijeni. Nimeuliza maabara moja mjini, wakasema tulete mkojo, watapima asidi ya yuriki na kreatinini kwa shilingi 4,500. Tupeleke? Na majibu yakitoka mabaya tufanye nini?"

Ndugu yangu, hongera kwa mtoto, na pole kwa ule usiku. Nimehudumia watoto wachanga hapa Kisumu kwa miaka mingi, na akina baba wengi wameniambia kwamba kinachowarudia usiku ni kile kimya walichokisikia wakiwa mlangoni.

Msipeleke mkojo. Shemeji yako amesoma jambo la kweli, na nitakueleza lilivyo, lakini habari anayoitafuta ilikuwa kwenye mkojo wa saa za kwanza za maisha ya mtoto. Mkojo wa leo, wiki tatu baadaye, hauna habari hiyo tena. Nataka uelewe sababu yake vizuri, maana usipoielewa mwezi ujao maabara nyingine itakuita.

Chembe za mwili huchoma sukari kwa kutumia oksijeni ndipo zipate nguvu. Oksijeni ikipungua hazizimiki papo hapo. Zinaendelea kuchoma sukari kwa njia ya pili, ya haraka lakini yenye faida ndogo sana, na takataka ya njia hiyo inaitwa laktati. Mkimbiaji wa mita 400 pale uwanja wa Afraha akimaliza mzunguko, misuli yake imejaa laktati kwa sababu alikimbia kuliko hewa aliyoweza kuvuta. Mtoto aliyebanwa njiani wakati wa kuzaliwa, kitovu kikikandamizwa au kondo la nyuma likishindwa kazi, mwili wake wote unafanya hivyo hivyo, na yeye hajakimbia popote. Laktati inajaa kwenye damu, figo zinaichuja, nayo inatokea kwenye mkojo.

Mwaka 1999 madaktari wa Taiwan walichapisha utafiti ambao nadhani ndio mzizi wa alichosoma shemeji yako. Walichukua mkojo wa watoto 58 wazima na watoto 40 waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, wakaupima ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa. Walilinganisha laktati na kreatinini. Kreatinini ni takataka ya misuli ambayo hutoka kwa kiwango kisichobadilika sana, na inatumika kama kipimio kwa sababu mkojo wenyewe unaweza kuwa mzito au mwepesi. Ni kama kuuliza majani ya chai ni mengi kiasi gani bila kudanganywa na wingi wa maji kwenye sufuria.

Kwa watoto wazima uwiano ulikuwa kama 0.09. Kwa waliokosa hewa lakini ubongo haukuathirika, 0.19. Kwa wale 16 ambao baadaye ubongo wao ulionyesha kuumia, wastani ulikuwa 16.75. Waligundua kwamba uwiano wa 0.64 au zaidi uliwakamata asilimia 94 ya watoto walioelekea kuumia ubongo, na haukumsingizia hata mmoja kati ya wale ambao hawakuumia. Nakumbuka nilivyosisimka mara ya kwanza kuzisoma namba hizo. Sisi huku tunahudumia watoto bila mashine za kuchungulia ubongo, na hapa palikuwa na mtu anayesema majibu yako ndani ya nepi.

Lakini utafiti huo huo una sehemu ambayo watu hawaitaji. Walipopima tena kati ya saa 48 na 72, uwezo wa kipimo kutofautisha watoto ulishuka sana. Siku tatu tu! Mtoto akishapata hewa, ini na moyo huanza kuitumia ile laktati, figo humwaga iliyobaki, na mambo yanasafishwa. Sasa piga hesabu ya wiki tatu.

Kuna jambo jingine. Kipimo chao kilifanywa kwa mashine kubwa ya sumaku inayosoma kemikali, ambayo huwezi kuiweka kwenye wodi ya kujifungulia. Na sampuli ya laktati haisubiri. Ikikaa kwenye joto, vijidudu vinaanza kubadilisha kilichomo. Inatakiwa iende kwenye barafu mara moja.

Hiyo maabara ya mjini haikusema itapima laktati. Ilisema asidi ya yuriki, na hilo ni tawi jingine la mti huo huo. Nguvu ya chembe huhifadhiwa ndani ya kemikali maalumu, na oksijeni ikikosekana kwa muda kemikali hiyo inavunjika hatua kwa hatua mpaka inaishia kuwa hipoksanthini, na mwisho kabisa asidi ya yuriki. Ola Didrik Saugstad, daktari wa Norway, alionyesha mwaka 1975 kwamba hipoksanthini hupanda kwenye damu ya watoto wachanga waliokosa oksijeni. Ndiye huyo huyo ambaye baadaye alisaidia kuonyesha kwamba watoto wengi wanaoshindwa kupumua wakizaliwa wanaweza kuanzishwa kwa hewa ya kawaida tu, bila oksijeni ya mtungi. Ule mpira wa mkono uliousikia ukibonyezwa kuna uwezekano mkubwa ulikuwa unasukuma hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe, na haikuwa dhambi ya hospitali kukosa mtungi.

Asidi ya yuriki ni rahisi kupimwa, karibu kila maabara inaweza, ndiyo maana nchi kama India zimeifanyia tafiti nyingi kwenye mkojo wa siku ya kwanza. Ugumu wake ni kwamba watoto wachanga wote, hata waliolia papo hapo, humwaga asidi ya yuriki nyingi siku za mwanzo. Usiku mmoja mama mmoja aliniita akitetemeka, ameishika nepi kwa vidole viwili: palikuwa na doa la rangi ya matofali. Alidhani ni damu. Nilipitisha kidole juu yake na unga mwembamba ukabaki kwenye ngozi yangu, kama vumbi la barabara ya Ahero wakati wa kiangazi. Zilikuwa fuwele za asidi ya yuriki, kitu cha kawaida kwa mtoto wa siku mbili ambaye maziwa ya mama yake bado hayajashuka vizuri. Mtoto huyo hakuwahi kukosa hewa. (Doa kama hilo likionekana baada ya wiki ya kwanza, mpeleke mtoto akapimwe uzito, huenda hanyonyi vya kutosha.)

Basi fikiria mtu anapima asidi hiyo kwa mtoto wako wa wiki tatu, kisha anaweka pembeni ya majibu kiwango cha kawaida cha mtu mzima. Itaonekana imepanda. Karatasi itakuwa na nyota nyekundu, mke wako ataiona, na kuanzia siku hiyo kila mtoto akikunja uso mtadhani ni ubongo. Nimeona karatasi kama hiyo ikifanya kazi mbaya nyumbani kwa watu, mama mkwe akaanza kuuliza kwa nini mwanamke hakusukuma kwa nguvu. Shilingi 4,500 ni nyingi, lakini hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ndiyo maana swali lako la majibu mabaya silijibu kwa namba. Hakuna namba ya mkojo ya leo ambayo ingenifanya nibadilishe hata kitu kimoja katika ushauri wangu.

Shemeji yako anaweza kuuliza pia kuhusu protini ya S100B, inayovuja kutoka kwenye chembe za ubongo, au NGAL, inayotolewa na figo zilizojeruhiwa. Zote zimetafutwa kwenye mkojo wa watoto wachanga na zote zina matumaini yake. Bado ziko mikononi mwa watafiti, na zote zinataka mkojo wa mapema.

Na hapo ndipo penye ugumu ambao mtu asiyefanya kazi wodini hauoni. Mtoto aliyekosa hewa mara nyingi hakojoi! Mwili wake ukiona oksijeni ni kidogo, unafunga mishipa ya damu ya ngozi, matumbo na figo, ili damu iliyopo iende kwenye ubongo na moyo. Figo zinalala njaa. Au mtoto anakojoa pale pale anapozaliwa, juu ya aproni ya mkunga, na mkojo tuliouhitaji umeshafutwa na shuka. Nilishakesha na pamba ndani ya nepi ya mtoto wa aina hiyo, nikiigusa kila nusu saa kama imelowa, niikamue kwa bomba la sindano. Ile mifuko ya kubandika ya kukingia mkojo huchubua ngozi ya mtoto, na ikibandikwa vibaya mkojo unapita pembeni. Nilikesha mpaka asubuhi, pamba kavu.

Pamba ile kavu yenyewe ilikuwa jibu. Alama ya mkojo tunayoitumia kweli kila siku, Kisumu, Nakuru, Kakamega, popote, ni kiasi cha mkojo. Tunapima nepi kavu kwenye mizani, tunaipima tena ikilowa, na kila gramu moja iliyoongezeka ni mililita moja ya mkojo. Mtoto wa kilo 3 anatakiwa kutoa angalau mililita 72 hivi kwa siku, yaani mililita moja kwa kila kilo kwa kila saa. Siku ya kwanza anaweza kuchelewa, hata mzima. Akiendelea kubaki chini ya hapo, figo zimeguswa, nasi tunapunguza maji ya dripu na kuwa waangalifu na dawa zinazopita kwenye figo. Kama ulimwona sista nasari akipima nepi za mwanao kwenye mizani, alikuwa anafanya kipimo cha mkojo chenye maana kuliko hicho mnachouziwa.

Pengine unajiuliza: kama tungepima ile saa ya tatu, si mtoto angetibiwa mapema? Swali hili nalo lina uchungu wake. Katika nchi tajiri, mtoto ambaye ubongo wake umeonyesha kuumia hupozwa mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, na ni lazima waanze ndani ya saa 6. Ndiyo sababu ya mbio zote za kutafuta kipimo cha mapema. Lakini jaribio kubwa lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, matokeo yake yakatoka mwaka 2021, lilionyesha kwamba kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu, na watoto waliopozwa walikufa zaidi: asilimia 42, dhidi ya asilimia 31 ya ambao hawakupozwa. Hospitali za jaribio hilo zilikuwa na mashine na wataalamu. Kwa hiyo hakuna dawa ya miujiza ambayo mwanao alinyimwa kwa kukosa kupimwa mkojo. Alichohitaji saa hizo ni hewa, joto la kawaida, sukari ya damu isishuke, maji ya kiasi, na degedege likija litulizwe kwa fenobabitali. Kwa maelezo yako, la kwanza alilipata pale pale alipozaliwa.

Sasa tuje kwa mwanao mwenyewe. Zile namba 4, 6, 8 ni alama alizozibuni daktari Virginia Apgar wa Marekani na kuzichapisha mwaka 1953. Mtoto anaangaliwa mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, anavyoitikia akiguswa, na rangi yake, kila moja hadi alama 2. Ya kwanza ni ya dakika ya 1, ya pili dakika ya 5, ya tatu dakika ya 10. Mimi nikiona 4, 6, 8 macho yangu yanaenda mwisho: mtoto alikuwa anapanda. Aliyenitia wasiwasi mkubwa maishani mwangu ni yule anayeandikwa 2, 3, 3. Hata hivyo Apgar peke yake haijui chanzo. Mtoto anaweza kupata alama ndogo kwa sababu ya maambukizi au dawa aliyochomwa mama.

Kinachosema zaidi ni zile siku 6 nasari. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, tafuta karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Mkiwa mmeipoteza, rudini muombe nakala, ni haki yenu. Mwonyeshe daktari au kliniki ofisa aisome na akuambie mambo haya. Je, mtoto alipata degedege, hata lile dogo la kupepesa macho na kutafuna hewa? Alikuwa mlegevu kama kitambaa, au alikuwa macho na mwenye kukasirika? Alilishwa kwa mpira wa puani, na alianza kunyonya mwenyewe siku ya ngapi? Aliandikiwa jentamaisini, dawa ya kuua vijidudu? Mtoto ambaye hakupata degedege, na aliyekuwa ananyonya mwenyewe vizuri kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, kwa kawaida anaendelea vizuri. Umeniambia ananyonya. Hiyo sentensi yako moja ina uzito kwangu kuliko mililita yoyote ya mkojo.

Sikufichi kwamba hatari haijaisha kabisa. Mtoto aliyechelewa kupumua anahitaji macho juu yake mwaka mzima na zaidi, na chanjo zinakupa nafasi nzuri sana: wiki 6, wiki 10, wiki 14. Msiende tu kuchomwa sindano na kurudi. Kila mara muombe muuguzi apime mzunguko wa kichwa kwa utepe na auandike kwenye kijitabu. Mtoto mchanga wa miezi 9 kamili huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi. Kipimo kimoja hakitoshi, tunataka kuona kikikua mwezi kwa mwezi. Kichwa kinachosimama huku mwili ukinenepa ni jambo la kumwonyesha daktari wa watoto bila kungoja.

Kati ya wiki 6 na 8 mtazame usoni mkiongea naye, anatakiwa kuanza kukujibu kwa tabasamu. Angalia mikono: mtoto mchanga hukunja ngumi, lakini akifika miezi 3 na bado dole gumba limefungwa ndani ya ngumi muda wote, au mkono mmoja hauchezi kama mwenzake, njooni. Miguu inayokakamaa ikipishana kama mkasi mkimbadilisha nepi, au mgongo unaojipinda kwa nyuma mkimbeba, pia. Masikio yapimwe hata kama anaonekana anashtuka mlango ukigongwa, hasa kama alipewa ile jentamaisini, kwa sababu kukosa hewa na dawa hiyo vyote vinaweza kugusa usikivu.

Kuna kitu kimoja ambacho mnaweza kukifanya wenyewe na ambacho kwa kweli kinatabiri. Akiwa na wiki 12 hadi 16, mlaze chali kitandani mchana, amevaa kidogo, ameshiba, yuko macho na ametulia, bila kidoli wala mtu wa kumchezea. Shika simu juu yake aonekane mwili wote, umrekodi dakika 3 bila kumsemesha. Mtoto mzima wa umri huo huwa na miondoko midogo midogo, laini, ya shingo, viganja na vifundo vya miguu, inayoendelea kama maji yanayochemka taratibu. Ikikosekana, mtaalamu aliyefundishwa kuisoma anaweza kushuku mtindio wa ubongo miezi mingi kabla mtoto hajafika umri wa kukaa, na mazoezi yakaanza wakati ubongo bado unajifunza kwa kasi. Msiisome wenyewe. Ipelekeni kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye hospitali ya rufaa pale Nakuru, muombe aiangalie mtoto akiwa mbele yake.

Akiacha kunyonya, akipata homa, akitukutika upande mmoja wa mwili au akizidi kulala mpaka haamki kunyonya, hiyo haingoji kliniki. Mnakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na mama mtoto, ningeomba umsomee sehemu hii. Mama, kazi yako ulianza Jumanne asubuhi ukaimaliza Jumatano alfajiri. Kitovu na kondo havisikilizi amri ya mtu, na hakuna msukumo uliouzuia ambao ungebadilisha mambo. Ukiona hulali hata mtoto akilala, au unalia bila kujua sababu, mwambie muuguzi siku ya chanjo ya wiki 6. Atakusikiliza wewe pia.

Zile shilingi 4,500 ziwekeni kando, ndugu yangu. Zitalipa matatu ya Njoro hadi mjini mara nyingi, na kipimo cha masikio, na daftari dogo la kuandikia tarehe: lini alitabasamu, lini alikaza shingo, kichwa sentimita ngapi. Akifika wiki 14 niandikie tena, uniambie namba za kichwa chake tatu mtakazokuwa nazo, na siku aliyokutabasamia.